Konyeza wa Wakrah

Juzi nilikuta ufukwe wa Wakrah umefungwa kwa sababu ya konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaochoma, nikamkumbuka shangazi. Alasiri ile ya utotoni mwangu, mwisho wa kiangazi, joto lilikuwa la majimaji, na bahari ilinuka mwani uliooza.

"Tangulia wewe, mwanangu," shangazi aliniambia, huku amemshika binti yake Salha mkono. Niliingia kwa fahari, nikidhani siku hiyo ananipenda kuliko Salha.

Nilipopiga yowe, miguu ikiwaka moto, nilimsikia akimwambia Salha taratibu, "Umeona? Nilikwambia wapo."

Nyumbani kwetu, mtaa wa Abu Hamour, shangazi alimwambia mama kwamba nilimkaidi. Mama akamshukuru kwa kunitoa majini, kisha akaniambia nimwombe radhi. Nikamwomba.