Muuguzi Alipoonja Kwanza

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka Bangwe, kando ya ziwa, kwa maboti, nilikaa kwenye benchi la hospitali nikisubiri kupimwa presha. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja wa Burundi. Muuguzi alipomsogezea kile kitambaa cha kufunga mkononi, bibi akauficha mkono ndani ya kitenge.

“Anza wewe, mwanangu. Kwetu anayekukaribisha pombe huonja kwanza, mgeni aone haina sumu.”

Benchi zima tukacheka. Muuguzi naye akacheka, akajifunga, akaminya pampu. Halafu akasoma kipimo, akajipima tena.

“Imepanda?” bibi akauliza.

“Imepanda sana, bibi. Tangu jana sijalala, na nimekula dagaa wa chumvi tu.”

Akaanza kukifungua kile kitambaa aendelee na foleni. Bibi akamshika bega. “Kaa hapa. Ukianguka, sisi atatupima nani?”

Tukabanana, akakaa katikati yetu kama mgonjwa, mpaka daktari akaitwa kumwona.

Siku hizi nami nimekuwa bibi, na muuguzi akinishika mkono, namuuliza kwanza presha yake ikoje. Wengi hunijibu, “Tulia, bibi, wakati wa kupima hatuongei.”