Nafula Aliyekosekana Kwenye Kompyuta

Jumanne nilikuwa kwenye ghala la mbegu Bungoma, nikitazama karani akitumia tovuti ya oda za wakulima niliyoijenga kwa lugha ya kompyuta ya Python kule Kitale. Nilikuwa nimeijaribu mara mia, lakini majina yote niliyaandika mwenyewe.

Mama mkulima alifika kaunta kuchukua mbegu alizoagiza. Kitambulisho alikisahau nyumbani, ikabidi atafutwe kwa jina.

"Unaitwa nani, mama?"

"Nafura."

Karani akaandika alivyosikia. Seva ikajibu kwa sentensi niliyoitunga mimi: "Mkulima huyu hayupo."

"Ati sipo?" Mama akajipiga kifua. "Si unaniona, bana?"

"Mashine ndiyo haikuoni. Rudi wiki ijayo na kitambulisho."

"Wiki ijayo mvua itapata shamba langu tupu!"

Nikang'amua kuwa mama hutamka l kama r. Nikafungua laptopu juu ya gunia la mbolea, nikamwambia karani, "Huyu mama hatoki hapa bila mbegu." Niliongeza mistari miwili: seva ikitafuta jina, r na l zihesabiwe herufi moja. Nikaiwasha upya. Karani akaandika tena Nafura, na Nafula akatokea pamoja na paketi zake tatu.

Nilimwomba msamaha.

"Hii kazi ulifunzwa wapi, mwanangu?"

"Chuo kikuu, mama."

"Basi wasarimie," akasema, akijitwika mbegu. "Waambie sisi tuko."

Kabla sijarudi Kitale niliifuta ile sentensi. Sasa seva isipopata jina inasema: "Sijampata. Nisaidie kumtafuta."