Boila ya Baba Kule Matiliku

Sisi tuliokulia Matiliku wakati koroboi ndiyo iliyokuwa stima yetu, maji ya moto tuliyajua kwenye sufuria tu. Tulishinda juani tukisukuma magari ya waya, tukarudi na vumbi hadi kwenye kope, na Mama akatusugua kwa maji ya kikombe, kwa sababu kila tone lilikuwa limefukuliwa kwenye mchanga wa mto na kubebwa na punda. Jioni tulikula muthokoi wa mahindi na kunde, mikono imeoshwa, mwili tutaona kesho. Leo mtoto wangu akikosa shawa asubuhi moja, nyumba nzima itaarifiwa.

Baba alikuwa mpishi kwa familia moja Nairobi. Walipobadilisha vyombo vyao, wakampa boila ya gesi ya kuchemshia maji ya kuoga, kuukuu, rangi imebambuka. Akaileta nyumbani imefungwa blanketi. Akajenga bafu la mabati, akaitundika boila ukutani humo ndani, akainua pipa juu ya mawe, akaunganisha mabomba, na majirani wakaja kutazama. Bibi yetu, tuliyemwita Susu, aligoma kabisa. "Maji inachemka bila kuni? Hiyo mimi siogi," akasema, akaenda zake na beseni lake.

Ile boila ilikuwa na maradhi yake, na Baba aliyapenda yote. Maji yakitoka kwa kudondoka, alifungua chujio na kukung'uta mchanga wa mto. Ikikataa kuwaka, alizibua tundu la gesi kwa pini ya Mama. Akisikia harufu, alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na kutuita tutazame kama kuna viputo. Sijamwona na furaha ile tena. Vijana wa leo, kitu kikigoma wanakizima, wanakiwasha, halafu wanakitupa.

Kisha ikaja Agosti na upepo wake wa vumbi. Moto wa boila ukawa unazimika mtu akiwa na sabuni machoni. Baba akafanya ambacho sote tungefanya, maana watu wa koroboi tulijua jambo moja kuhusu moto: upepo ukiusumbua, uzibie upepo. Akakandika matope na kushindilia vipande vya gunia kwenye kila mwanya wa lile bafu, hadi ule wa chini ya paa. Moto ukatulia. Ulikuwa wa bluu, sasa ukawa wa njano, mrefu, kama ule tuliouzoea mezani. "Sasa imekuwa sawa," Baba akasema. Masizi yaliyopanda ukutani hayakumshtua yeyote, kwa sababu kuta zetu zote zilikuwa na masizi.

Dada yangu mkubwa, Mwende, ndiye aliyeipenda boila kuliko sisi sote. Alikuwa kidato cha nne, amekuja likizo. Alianza kutoka bafuni akilalamika kwamba kichwa kinamgonga na miguu haina nguvu. Mama alimjibu, "Ni hii jua. Kunywa maji ulale kidogo." Akalala, akaamka mzima, tukasahau.

Jumapili moja tulikuwa tumeshavaa nguo za kanisani, tunamngoja yeye. Maji yakaanza kutiririka chini ya mlango wa bafu hadi uani. Mama alikasirikia maji kwanza. "Mwende, hiyo maji unamwaga, utaenda mtoni kuchota wewe?" Hakujibiwa. Baba alipovunja komeo, dada alikuwa chini, macho yamefumbwa, bomba likimmwagia mgongoni. Tulimfikisha hospitali akiwa ameshakufa. Daktari akamuuliza Baba moto wa ile boila ulikuwa wa rangi gani.

"Mzuri tu," Baba akasema. "Ya njano."

Daktari alimweleza polepole kwamba moto wa gesi ukikosa hewa hugeuka njano na kutoa sumu isiyo na harufu, na kwamba kichwa cha Mwende kilikuwa kikisema hivyo siku zote. Baba alisikiliza ameshika viatu vyake Mwende vya kanisani. Kisha akauliza, "Kwa hivyo ningeachilia tu upepo iingie?" Daktari akasema ndiyo.

Siku hizi Baba anaishi nami Malili. Bafu letu ni la vigae, maji yanapata moto kwa stima, na dirisha halifungwi kamwe. Napenda kusema enzi zetu zilikuwa bora, na kwa mengi zilikuwa, lakini tulilipia vibaya yale tusiyoyajua. Baba huoga maji baridi hata Julai. Wanangu wakiingia kuoga, yeye huvuta kiti hadi mlangoni na kuwauliza maswali ya kijinga: wamekula nini shuleni, mwalimu alivaa nini, ng'ombe ana miguu mingapi. Wakinyamaza kidogo anagonga. Wao huja kwangu wamenuna, wakisema Babu anawasumbua, hata kuoga mtu hana amani.

Nimewaambia wamjibu.