Leso Juu ya Kiti

Ukitaka kumjua Awino, uliza mtu yeyote mjini Lodwar habari ya ndoo yake na tambara la deki. Miaka kumi na mmoja alisafisha sakafu za zahanati moja ndogo ya uzazi, na mdomo wake ukasafisha watu. Hata nesi akiingia na viatu vya vumbi aliambiwa, "Dada, hapa si zizi." Alitoka Homa Bay bila neno la Kiturkana, akajifunza sokoni kwa kubishania bei ya makaa, mwishowe akawapita manesi wote. Basi manesi wakienda kula, Awino ndiye mwenye mlango.

Mwaka wa 2013, serikali ilipotangaza kwamba kujifungua ni bure, Sylvia alikuja kutoka chuo kikuu huko Nairobi na rekoda yake. Hakutaka hesabu. Alitaka kusikia kwa vinywa vya akina mama wenyewe kwa nini bado wanazalia nyumbani, huko manyattani.

"Mama Byron," alimwambia Awino, "wewe ndiwe mdomo wao. Tafsiri vile mtu amesema, usipunguze chumvi."

"Sipunguzi. Lakini nakwambia mapema, hawa ni ukaidi tu."

Walipofika mji wa Kakuma walipewa chumba nyuma ya kanisa. Mama wa nne siku hiyo aliitwa Nakiru. Shanga zilimpanda kutoka mabegani hadi kidevuni, na ngozi iling'aa mafuta na udongo mwekundu. Kabla Nakiru hajaketi, Awino akatandaza leso yake juu ya kiti cha kanisa. Mazoea hayo. Nakiru akaitazama leso, akamtazama Awino kwa muda, halafu akaketi.

"Muulize alijifungulia wapi mara ya mwisho," Sylvia akasema.

Nakiru hakuwa na haraka. Alisema alikuwa Lodwar kwa dada yake uchungu ulipomshika, akatembea hadi zahanati. Mlangoni palikuwa na mwanamke wa ndoo. Akamwambia avue shanga zote, ajipanguse mafuta huko nje, asije akaharibu shuka.

"Sisi shanga tunavua kwa msiba," Nakiru akasema. "Mimi nilikuwa nakwenda kuzaa. Nikageuka. Mtoto alitokea kwenye mchanga wa mto, hata nyumbani sijafika. Hakulia. Basi nikazivua."

Awino akamjua. Aliikumbuka adhuhuri ile, sakafu ikiwa bado mbichi. Mwanamke aliinama akishika ukuta, akaacha alama za vidole, nyekundu juu ya rangi nyeupe. Alipoondoka Awino akazifuta. Kisha akaenda kusimulia jikoni, watu wakacheka hadi wakashika mbavu.

"Anasemaje?"

Chumbani mle aliyejua lugha zote mbili ni yeye peke yake. "Anasema... nesi mmoja alimfukuza."

Sylvia akaandika.

Nakiru akainua mkono. Kiswahili hakukijua, lakini neno nesi nani asiyelijua? "Sikusema nesi. Nesi wa pale sikumwona hata kivuli. Mwambie vile nimesema."

Awino akaitazama rekoda. Taa yake ndogo iliwaka tu.

"Kata hilo neno," akasema mwishowe. "Si nesi. Ni mwanamke wa deki. Sylvia, huyo ni mimi." Akaeleza yote: shanga, shuka, kicheko cha jikoni, hata ukuta alioufuta.

Sylvia akaweka kalamu chini.

Awino akamgeukia Nakiru aombe radhi. Lakini Kiturkana chake, ingawa alielewa kila neno, kilikuwa cha sokoni: alikuwa na maneno ya makaa, ya mbuzi, ya kumfukuza mtu mlangoni. La kusema hapo hakuwa nalo. Akainamisha kichwa kama mtoto aliyekojoa darasani.

Nakiru akasimama, akaiondoa leso kitini, akaigeuza upande na upande. Palikuwa na doa jekundu, kubwa kama kiganja. Akamkabidhi Awino kwa mikono miwili, akasema maneno machache, akatoka.

"Anasemaje, Mama Byron?"

"Anasema..." Safari hii alitafsiri neno kwa neno. "Anasema, samahani, ameichafua leso yangu."

Akajifunga leso ile kiunoni, doa likiwa nje, akaenda mlangoni kumwita mama wa tano.