Chuma cha Nyongani

Nakiri kosa hili nikiwa na digrii ukutani. Binti yangu Neema alikuja likizo huku Doha ninakofanya kazi baada ya miaka miwili ya kuonana kwenye simu tu, nami nilikuwa nimemwahidi bustani ya burudani. Tiketi za kuingia zilikuwa zimepanda bei tena, nikajiuliza kama siku moja inastahili gharama hiyo. Nikaamua kubana kwenye chakula. Kwa kuwa cha nje hakiruhusiwi, nilifunga chapati sita kiunoni, chini ya shati, kila moja ndani ya foili yake ya alumini.

Mashine ya langoni ikalia.

"Nina chuma kwenye nyonga," nilimwambia mlinzi kwa Kiingereza.

Akanihurumia, akaniletea kiti cha magurudumu. Nilipoinama kukikalia, chapati moja ikateleza hadi miguuni pake. Akaiokota, akanitazama vizuri, akageukia Kiswahili.

"Mwalimu! Si ni wewe uliyetufundisha uaminifu kwenye ibada ya Ijumaa pale kanisani Mesaimeer?"

Neema alicheka hadi akakaa chini. Kicheko kile simu haikuwahi kunifikishia. Tiketi ilijilipa kabla hatujaingia.

"Baba," alisema akifuta machozi, "mpe basi na zile tano."