Vijiko Vilivyonyooka

Kosa langu la kwanza lilikuwa kunyoosha. Kila nikifungua rangi ya kucha narudi kimawazo uani kwetu Arua, ambako mama alikata vijiko vikuukuu, akavipinda na kuvipaka rangi hiyo viwe chambo cha kuvulia samaki. Siku moja niliona vimepinda vibaya, nikavigonga vyote kwa nyundo vikanyooka.

Mvuvi, mteja wetu mkubwa, akavuta kimoja ndani ya beseni la maji. Hakikucheza kama samaki mdogo.

“Mama, hii iko lala tu. Nikoroge nayo chai?”

Nikaificha nyundo mgongoni.

“Basi kaa ukunywe chai, baba,” mama akasema, akaanza kuvipinda upya gotini.

Mvuvi alishika ufunguo wa pikipiki yake, akauzungusha kidoleni, akaketi.

Siku hizi navipinda mimi, na kila kimoja nakijaribu majini kabla ya kukipaka rangi.