Jezi Iliyoachwa Dirishani

Mama yake alikuwa fundi wa kushona, na ndiye aliyempa lile jina. Tangu mtoto alipoanza kukaa kitini, mguu wake wa kulia haukujua kupumzika. Ulicheza chini ya meza, juu chini, juu chini, na sufuria juu ya meza zikaitikia. "Tulia, wewe Cherehani!" mama alikuwa akisema, huku akimwekea mkono gotini. Mkono ukiwepo, mguu unatulia. Mkono ukiondoka, kazi inaendelea.

Jina likamfuata mpaka kwenye timu ya wanawake iliyompa mkataba wake wa kwanza wa kucheza kwa mshahara, akiwa binti mbichi kabisa. Alikuwa winga wa kulia, na mbio alikuwa nazo. Hilo hata wasiompenda walikubali. Shida ni kwamba mpira ulimchelewesha. Mwenzake hajainua kichwa, yeye keshatoka. Pasi haijapigwa, yeye keshaotea, na mshika kibendera alimzoea hadi mkono ulipanda kabla ya macho kuona. Kocha, mwanamke mkavu asiyepoteza maneno, akamweka benchi. Mvumilivu hula mbivu, wenzake walimwambia. Sawa, lakini mbivu zote alizoziona msimu ule zililiwa na wengine.

Mkataba ulikuwa unaisha pamoja na msimu. Nyumbani nako kulikuwa na makubaliano mengine, ya mdomo, na masharti yote aliyaweka mama.

"Wakikuongezea, sitasema tena neno," mama alisema. "Wasipokuongezea, unakuja kukaa hapa na mimi, unashona. Kwenye cherehani hakuna benchi, mwanangu."

Alikubali, angefanyaje? Lakini kila alipoingia katika chumba kile cha kushonea na kuiona mashine ya pili imefunikwa kitambaa, ikimngoja yeye, aligeuza uso. Alikuwa anaiogopa ile mashine kuliko beki yeyote.

Siku moja kabla ya mechi ya mwisho, kocha alimsimamisha kwenye korido. "Kesho nitakuingiza kipindi cha pili. Nataka kuona kama umejifunza kusubiri. Mengine nitaamua baada ya hapo."

Usiku ule usingizi ukaaga wala haukurudi. Uwanjani alifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Mama naye, ambaye hajawahi kutia mguu uwanjani maisha yake yote, alifunga chumba chake cha kushonea akaja, akakaa nyuma ya benchi na mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Kipindi cha kwanza hakijachanganya, Cherehani kainuka kupasha misuli. Hakuna aliyemwambia. "Rudi ukae," msaidizi wa kocha akasema. Akakaa. Mguu ukaanza, benchi zima likatetemeka.

"Dada, utatuangusha," kipa wa akiba akalalamika. "Nenda tu ukakimbie, tupumue."

Akaenda. Akakimbia kando ya mstari, akarudi, akakimbia tena, na mapumziko yalipofika jezi yake chini ya traksuti ilikuwa imelowa chapachapa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo akaivua, akaianika dirishani ipate upepo, akavaa traksuti juu ya fulana. Alikusudia kuivaa tena kabla ya kutoka. Lakini kocha alikuwa bado anaongea, yeye keshasogea mlangoni, na neno la mwisho lilipotamkwa miguu ilikuwa nje. Alikuwa wa kwanza kutoka, kama kawaida yake.

Mechi ikakaza. Mabao yako sawa, winga aliyekuwa ndani anachechemea.

"Cherehani! Vua, unaingia!"

Mwamuzi wa akiba alikwisha kuinua kibao chenye namba yake. Akashusha zipu kwa mkono mmoja, akaitupa traksuti nyuma, akasimama mbele ya uwanja mzima na fulana nyeupe isiyo na namba. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza: mtunza vifaa, mwenye ufunguo wa chumba ilimobaki jezi, alikuwa upande wa pili wa uwanja akigawa maji. Akakimbia. Alizunguka uwanja mzima, akanyakua ufunguo, akakata kona kuelekea vyumbani, na jukwaa likaangua kicheko. Aliporudi na jezi, ameivaa nje ndani, mwenzake alikuwa amekwisha kuingia. Ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya kubadilisha.

Kocha hakumfokea. Heri angemfokea.

"Nilikuomba kitu kimoja tu," alisema baada ya mechi.

"Samahani, kocha."

"Najua. Mbio zako nitazikumbuka. Mkataba siongezi."

Kesho yake alikwenda kwa mama bila kuitwa. Akaondoa kitambaa kwenye mashine ya pili, akakaa, akapewa sketi afumue pindo. Akafumua. Hakulia. Mama alikuwa anakata kitambaa pembeni yake, na katikati ya kazi mkono wake ukashuka kwa mazoea mpaka kwenye goti la binti. Haukukuta kitu cha kutuliza. Goti limelala.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Mbona mguu umenyamaza?"

"Si ndivyo ulivyotaka? Nimetulia."

Mama akaweka mkasi chini. Miaka yote aliuomba utulivu huu, na sasa ulipokuja ulimtisha.

"Jana watu walicheka ulipokimbilia ufunguo," alisema. "Mimi nilisimama. Nikajisemea, kumbe mwanangu anakimbia hivi?"

"Hapakuwa na mpira pale, mama."

"Mpira siujui, usinichanganye. Timu ni hiyo moja tu duniani?"

"Zipo nyingine. Lakini tulikubaliana..."

"Niliyasema mimi, nayafuta mimi." Mama akamnyang'anya sketi, akaokota kitambaa sakafuni na kuifunika tena mashine ya pili. "Tingisha mguu, nikuone."

"Mama, jamani."

"Tingisha, nimesema!"

Alicheka, na machozi yaliyogoma tangu jana yakatoka humo humo kwenye kicheko. Mguu ukaanza, taratibu kwanza, kisha vifungo kwenye kopo juu ya meza vikaanza kulia. Mama akachukua mkasi, akaendelea kukata, na mkono wake haukushuka tena.